Kuchagua boti ndogo na injini kwa maziwa yenye ukomo wa nguvu za farasi

Anayetaka boti ya kuvulia katika ziwa lenye ukomo wa nguvu za injini anapaswa kuanza na sheria ya ziwa lenyewe kabla ya kutazama boti yoyote. Maziwa ya namna hii, ambayo mengi ni mabwawa ya maji ya kunywa au maeneo ya hifadhi, hayafuati kanuni moja: pengine huruhusiwa injini isiyozidi nguvu za farasi 10, pengine ni injini ya umeme peke yake, na pengine nguvu hazibanwi ila mwendo ndio uliowekewa kikomo. Swali ambalo wengi husahau kuuliza ni kama injini ya petroli inayozidi ukomo inaweza kubaki imefungwa nyuma ya boti, ikiwa imezimwa na kuinuliwa, au haitakiwi kuonekana ziwani kabisa. Mtu anayevua katika maziwa mawili yenye sheria tofauti anaweza kulazimika kununua boti nyingine kabisa kwa sababu ya jibu hilo tu.

Sheria ikishajulikana, kinachoamua karibu kila kitu kingine ni uzito. Nguvu za injini zikiwa zimefungwa, njia pekee iliyobaki ya kupata mwendo ni kupunguza kilo, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoka, kwa kuwa huchagua boti pana na nzuri ya futi 16 kisha hushangaa inapotambaa. Boti ndogo ina hali mbili za kwenda. Katika hali ya kwanza hupasua maji, na mwendo wake hubanwa na urefu wa sehemu inayogusa maji. Boti ambayo sehemu hiyo ina mita 4 hukwama kwenye takriban kilomita 9 kwa saa, na kuiongezea nguvu kidogo huleta mawimbi makubwa nyuma na kuteketeza petroli, lakini hakuiongezei mwendo wa maana. Katika hali ya pili boti huinuka na kuteleza juu ya maji, na hapo mwendo huweza kuongezeka maradufu au zaidi. Ili boti ndogo iteleze, kadirio linalotumika sana ni kwamba kila nguvu moja ya farasi isibebe zaidi ya kilo 20 hadi 25 za uzito wote.

Hesabu hiyo inafaa kufanywa kwa kalamu na karatasi kabla ya kulipa. Tuchukue boti ya alumini yenye kilo 90, injini ya kilo 40, wavuvi wawili wenye jumla ya kilo 160, petroli na tangi lake kilo 12, betri kilo 25, na nanga, fimbo, makoti ya kuokolea na chakula kilo 30. Jumla ni kilo 357, yaani karibu kilo 36 kwa kila nguvu ya farasi katika injini ya 10, na boti hiyo haitateleza hata injini ifunguliwe hadi mwisho. Akishuka mvuvi mmoja wa kilo 80, betri ikaachwa nchi kavu na vifaa vikapunguzwa hadi kilo 20, jumla huwa kilo 242, na boti ileile ikainuka, japo kwa kujikongoja. Kwa hiyo mtu ambaye kwa kawaida huvua na mwenzake, tena kwa mizigo, hana sababu kubwa ya kununua injini ya nguvu za farasi 9.9, yaani ile iliyo chini kidogo tu ya ukomo wa 10. Injini ya nguvu za farasi 4 au 6, yenye uzito wa kilo 25 hivi, itamfikisha karibu na mwendo uleule, nayo hubebwa kwa mkono mmoja na hunywa petroli pungufu.

Kwa yule ambaye hesabu yake inakubali kuteleza, afahamu kwamba injini za 9.9 hazifanani. Zipo nyepesi, zilizojengwa juu ya bodi moja na injini za 8, na zipo nzito, zilizojengwa juu ya bodi ya injini za 15 au 20 na kupunguzwa nguvu kiwandani. Kwa boti inayotafuta kila kilo, ile nyepesi ni bora. Kuna pia aina yenye gia za chini na rafadha kubwa (panga linalozunguka majini na kuisukuma boti), iliyokusudiwa kusukuma mzigo mzito polepole. Hiyo inaifaa boti nzito isiyoteleza, na haifai boti nyepesi. Wapo wanaobandika stika ya 9.9 juu ya injini ya 15. Mbali na kuwa ni udanganyifu, namba iliyogongwa kwenye mabano ya injini humwambia mkaguzi ukweli.

Umbo la chini la boti huchaguliwa kulingana na maji. Boti ya chini bapa huelea kwenye kina kidogo, ni nyepesi, na humruhusu mvuvi kusimama bila boti kwenda mrama, ila ikikutana na mawimbi hupiga maji kwa kishindo na kumlowesha aliyeketi omoni. Boti yenye chini iliyochongoka hupasua mawimbi kwa ulaini zaidi, lakini hudai nguvu zaidi ili iinuke. Kwa maziwa madogo yenye ukomo, mwandishi huyu hupendelea chini bapa au mchongoko mdogo sana, wenye kingo fupi, kwa sababu kingo ndefu hushika upepo na injini ndogo hushindwa kuirudisha boti kwenye mstari.

Alumini iliyopigwa ribiti ni nyepesi kuliko iliyochomelewa, lakini ribiti hulegea kadiri miaka inavyopita. Boti iliyotumika ijazwe maji kiasi ikiwa juu ya tela imara, kisha mnunuzi ainame chini yake na kutazama wapi panatoa matone. Ubao wa tezi, ambao ndio unaobeba injini, uchunguzwe kwa kuishika injini na kuitikisa juu na chini: ukinyumbuka, mbao ya ndani imeoza. Ubao huohuo upimwe kwa futikamba, kuanzia ukingo wa juu hadi chini kabisa ya boti katikati. Ukikaribia sentimita 38, hutakiwa injini ya shafti fupi (shafti ni mguu wa injini unaoshuka majini); ukikaribia 51, shafti ndefu. Shafti fupi mno huifanya rafadha ivute hewa na injini ilie bila kusukuma, na ndefu mno hukokota maji na kugonga mawe. Mnunuzi asome pia kibao cha uwezo kilichobandikwa kwenye boti, maana nguvu za juu zilizoandikwa pale hazipaswi kuzidishwa hata pale ziwa linaporuhusu.

Pale ambapo umeme peke yake unaruhusiwa, hesabu hugeuka kuwa ya betri. Injini ya volti 12 yenye msukumo wa pauni 55 hunyonya takriban ampea 50 ikifunguliwa yote, yaani wati 600, ambazo hazifiki hata nguvu moja ya farasi, yenye wati 746. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo kwa mwendo huo haitoi zaidi ya saa moja. Lakini nguvu inayohitajika hupanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe, na anayekubali kwenda nusu ya mwendo hutumia sehemu ndogo tu ya umeme huo na huweza kuvua asubuhi nzima. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo ina karibu nusu ya uzito, au pungufu, na hutumika karibu yote. Iwekwe kuelekea omo ili isawazishe uzito wa mvuvi aliyeketi nyuma, nyaya zake ziwe nene, na fyuzi ikae karibu na betri. Makasia yasiachwe nyumbani.

Jaribio la mwisho hufanywa ziwani, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Injini nyingi za 9.9 hutakiwa kufika kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika zikifunguliwa yote. Ikiwa haifiki, rafadha ni kali mno kwa mzigo huo, na kuupunguza mkato wake (umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) kwa inchi moja huongeza mizunguko kama 200.