Somo: Kulingoja na kulipokea gari jipya la umeme ukiwa Mtwara

Tangu gari langu liliposhushwa kutoka kwenye lori mbele ya nyumba yangu hapa Shangani, wanachama kadhaa wa kikundi chetu wameniuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: mtu afanye nini kati ya siku anayolipa malipo ya awali na siku anayokabidhiwa ufunguo? Mimi nilingoja miezi mitano. Mitatu ya mwanzo niliipoteza kwa kufuatilia meli kwenye simu, kazi isiyoisogeza meli hata hatua moja, ilhali nyumbani kulikuwa na kasoro mbili ambazo ningezigundua kwa bisibisi na saa moja ya fundi umeme. Ndiyo maana somo hili lina machache kuhusu meli na mengi kuhusu soketi.

Hatua ya kwanza: maandishi ya oda

Kabla hujalipa chochote, hakikisha tundu la kuchajia limetajwa kwa jina katika hati ya oda. Magari yanayotengenezwa kwa soko la ndani la China hutumia tundu la GB/T; yale ya soko la Ulaya hutumia Type 2 kwa chaji ya kawaida na CCS2 kwa chaji ya haraka; na Nissan Leaf zinazotoka Japani huja na Type 1 pamoja na CHAdeMO. Hakuna kati ya hayo lililo baya, ila waya wa aina moja hauingii kwenye tundu la aina nyingine, na adapta inayonunuliwa baadaye kwa haraka ndiyo huwa ya kwanza kuungua. Andikeni pia kwamba usukani uwe wa kulia, kwamba skrini iwe na Kiingereza, na kwamba waya wa kuchajia wa kubebeka uwe na plagi ya pini tatu bapa za mstatili kama soketi zetu. Jambo la skrini si dogo: nimewahi kupanda gari ambalo mwenyewe alikuwa akitafuta kiyoyozi kwa kubahatisha, kwa sababu maandishi yote yalikuwa ya Kichina.

Uliza vilevile aina ya betri. Iliyo ya fosfeti ya chuma, inayoandikwa LFP, hupendelea ijazwe hadi asilimia 100 mara kwa mara, aghalabu mara moja kwa wiki, ili kompyuta ya gari ipate kujua kipimo sahihi. Iliyo ya nikeli hudumu zaidi ikiishia asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku. Muuzaji asiyeweza kukujibu swali hili huenda hajui anachouza.

Hatua ya pili: nyumba

Hapa ndipo muda wa kungoja unapopaswa kutumika. Waya wa kubebeka huvuta takriban ampea 10, yaani kilowati 2.3 kwa umeme wetu wa volti 230. Gari lenye betri ya kilowati-saa 60, likitolewa asilimia 20 hadi 80, linahitaji kilowati-saa 36, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto wakati wa kuchaji, mita ya LUKU itakata uniti zipatazo 40. Kwa waya huo ni zaidi ya saa 17. Kwa chaja ya ukutani ya kilowati 7 ni saa zisizofika sita.

Watu hunijibu kwamba pasi ya umeme huvuta kama hivyo na soketi haijawahi kulalamika. Ni kweli, lakini pasi hujikata na kujiwasha kila baada ya muda mfupi, na nguo zikiisha inachomolewa. Gari halipumziki usiku kucha. Soketi ya bei nafuu yenye skrubu iliyolegea hupata joto polepole, plastiki yake ikageuka rangi ya chai, na siku moja plagi inakataa kutoka. Kwa hiyo mwite fundi avute laini ya peke yake kutoka kwenye meinswichi, isiyoshirikiana na friji wala pampu. Ukiweka chaja ya ukutani ya ampea 32, waya usiwe mwembamba kuliko milimita za mraba 6, na iwepo breka yake pamoja na kinga inayokata umeme unapovuja.

Sasa ethi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Usiku ule gari lilipofika nilichomeka waya mbele ya majirani waliokuwa wamejaa uani, na kisanduku cha waya kikawaka taa nyekundu. Nikachomoa, nikachomeka tena, nyekundu. Asubuhi nilienda nyuma ya nyumba ilipo fimbo ya ethi, nikafukua mchanga kwa mkono, na kile kibano kinachoshika waya kilivunjika vidoleni mwangu kama biskuti iliyolowa chai. Chumvi ya bahari ilikuwa imekila chote. Kwa miaka mingi nyumba yangu ilikuwa haina ethi, na friji, televisheni na taa hazikusema neno, kwa sababu vifaa hivyo haviulizi. Chaja ya gari huuliza kwanza, na isiporidhika haitoi umeme. Aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa nimefundisha umeme wa majumbani kwa miaka mingi.

Kwa wanaokaa pwani, kubadilisha kibano peke yake hakutoshi. Mchanga wetu ukikauka wakati wa kiangazi hupitisha umeme kwa shida, hivyo fundi apige fimbo mbili au zaidi, aziweke zikiwa zimeachana, aziunganishe kwa waya, na achague mahali penye unyevu wa kudumu, kwa mfano karibu na maji ya bafuni yanapotokea. Kisha apime kwa kipimo cha ethi. Fundi anayegusa kwa testa na kusema ipo sawa hajapima ethi.

Kasoro yangu ya pili ilikuwa ya LUKU. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2016, mteja wa D1, anayetumia wastani wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida yanayozidi hapo, hulipa 292, zote kabla ya kodi na tozo. Chaji mbili tu za uniti 40 zimeshavuka 75. Mimi nilikuwa D1 na nilipiga bajeti yote ya gari kwa bei ya D1, hesabu ya ndoto. Piga hesabu yako kwa T1, ambayo pamoja na VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine inafika takriban shilingi 356. Uniti 40 ni shilingi 14,240.

Hatua ya tatu: meli na bandari

Uwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, uwe na wakala wa forodha unayemjua, na nakala za nyaraka zimfikie kabla ya meli, maana siku za bure za kuhifadhi gari bandarini ni chache na zikiisha mita ya gharama huanza kuhesabu. Kodi hupigwa juu ya bei ya gari pamoja na usafirishaji na bima yake. La kuangalia ni kalenda: viwango hubadilika kwa Sheria ya Fedha kila Julai 1, kwa hiyo makadirio uliyopewa Mei usiyatumie kwa meli inayotia nanga Agosti. Omba mapya.

Hatua ya nne: kukabidhiwa

Nenda mchana, nenda na mtu mwenye subira, na usimalize malipo ya mwisho wala kutia saini kabla hujaliona gari likichaji kwa macho yako. Hilo ndilo sharti langu moja lisilo na mjadala.

Langu nililikuta katika yadi jijini Dar es Salaam likiwa limefunikwa vumbi, na halikufunguka. Ufunguo ulibonyezwa, kimya. Kijana wa yadi akasema betri imekufa, nikahisi moyo unashuka tumboni. Kumbe ilikuwa ile betri ndogo ya volti 12, inayoamsha kompyuta na vitasa, na ambayo huisha gari likikaa miezi bila kuguswa. Ufunguo una kipande cha chuma ndani yake cha kufungulia mlango; betri ndogo ikachajiwa, skrini ikawaka, na betri kubwa ilikuwa na asilimia 38, kiwango kizuri kwa gari lililokaa. Ukikuta betri kubwa iko sifuri au karibu na hapo, uliza imekaa hivyo tangu lini, na jibu liandikwe. Betri ndogo iliyoisha kabisa zaidi ya mara moja dai mpya. Mimi nilidai nikapewa.

Baada ya hapo linganisha namba ya chesisi, yenye herufi na tarakimu 17, ile ya chini ya kioo cha mbele, ya mlangoni na ya kwenye hati. Zote ziwe moja. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Lala chini uangalie sahani inayokinga betri kama ina mkwaruzo au mbonyeo. Fungua buti uhesabu waya, ndoana ya kuvutia, na spea tairi kama ipo. Magari mengi ya umeme hayana, yanakuja na pampu na dawa ya kuziba tu, na kwa barabara za kwetu mimi ningenunua spea kabla ya zulia. Mwisho, muuzaji aondoe akaunti yake kwenye programu ya gari na akuandikishe wewe mbele yako. Rangi na vioo kila mtu anajua kuangalia.

Hatua ya tano: kulifikisha Mtwara

Dar es Salaam hadi Mtwara ni takriban kilomita 560, na gari linalotangazwa kwenda kilomita 420 halifiki kwa chaji moja; kwa mwendo wa barabara kuu na kiyoyozi kikiwaka, toa kama robo ya namba ya tangazo. Usitegemee kukuta chaja ya haraka kati ya Kibiti na Lindi. Unaweza kulala njiani na kuchaji nyumba ya wageni, ukimlipa mwenyewe uniti zake, lakini kwa gari jipya ambalo hujalizoea nashauri lori la kubebea magari, na bima kubwa ianze kabla halijapakiwa. Uliza pia hali ya barabara: Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara hii upande wa Somanga, na magari yalikwama pande zote mbili.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Masasi: Mwalimu, shikamoo. Nikinunua lenye betri ya kilowati-saa 60, naweza kuja Mtwara na kurudi siku hiyo hiyo bila kuchaji?

Marahaba. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 400. Kwa matumizi ya kilowati-saa 16 kwa kila kilomita 100 utahitaji 64, na huna. Chaji ukiwa mjini unashughulika. Saa nne kwenye soketi ya kawaida zitakupa takriban kilomita 50, kwa hiyo safari ya siku moja itawezekana kwa shida, na ya kulala itawezekana kwa raha.

Mwanachama wa Newala: Kupanda huku kwetu kwenye uwanda wa juu wa Makonde hakutamaliza betri?

Kutakula kwa kasi, nawe usishtuke ukiona asilimia zinapukutika mlimani. Ukishuka, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya ulichotumia. Usianze kushuka ukiwa na asilimia 100, kwa sababu betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme huo, na breki za kawaida ndizo zitakazobeba kazi yote.

Mwanachama wa Lindi: Umeme ukikatika nichaji kwa jenereta langu dogo. Kuna ubaya?

Huenda chaja ikakataa yenyewe na kuwasha taa nyekundu, mama yangu, kwa sababu jenereta nyingi ndogo hazijaunganisha waya wa nyutro na ethi. Usimruhusu fundi aidanganye chaja kwa kuunganisha vipande vya waya kwenye plagi. Ama umeme wa TANESCO ukikatika, acha waya umechomekwa. Magari mengi huendelea yenyewe ukirudi. Ukiogopa kishindo cha umeme unaporudi, weka kifaa kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu.

Mwanachama wa Tandahimba: Fedha yangu inategemea korosho. Wakala anataka malipo yaliyobaki meli ikifika. Nifanyeje?

Hesabu kurudi nyuma. Minada huanza Oktoba, na fedha ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, humfikia mkulima baada ya mnada, si siku hiyo. Ukiagiza Machi, gari linaweza kufika Agosti, nawe huna kitu mkononi huku gharama za bandari zinaongezeka kila siku. Agiza Julai au baadaye. Na mwambie wakala ukweli tangu mwanzo.

Mwanachama wa Mikindani: Gari likipata hitilafu barabarani, nilivute kwa kamba kama tunavyofanya?

Hapana. Magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka kwa kuvutwa huzalisha umeme usiotakiwa na yanaweza kuharibu mfumo. Lipandishwe juu ya lori, matairi yote manne yakiwa yameacha lami. Kwa kuwa upo ufukweni kama mimi, funga kifuniko cha tundu la kuchajia kila unapochomoa, na kila mwezi tazama pini kwa tochi. Ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba, usichomeke mpaka fundi aone.