Marekani au Ulaya: Piga Hesabu ya Kinachobaki Mkononi

Mtu akipata ofa ya kazi Dallas, jimbo la Texas nchini Marekani, na nyingine Leipzig, Ujerumani, huanza kulinganisha mishahara. Dallas dola 60,000 kwa mwaka, Leipzig euro 45,000, na anaona hakuna cha kujadili. Kipo. Ujerumani gharama kubwa hukatwa kabla mshahara haujaingia benki. Marekani pesa unaachiwa, kisha bili zinakufuata nyumbani moja baada ya nyingine.

Anza na makato. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo unakatwa kodi ya serikali kuu pamoja na 7.65% ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee). Asiye na mwenza wala mtoto hubakiwa na kama dola 4,200 kwa mwezi. Leipzig, mtu wa aina hiyohiyo hupokea euro 2,400 na ushee. Ukiishia hapo, Dallas imeshinda kwa mbali.

Sasa toa afya. Bima ya Ujerumani tayari imo ndani ya makato yale. Ukilazwa hospitali unachangia euro 10 kwa siku, tena kwa siku zisizozidi 28 kwa mwaka. Dallas, mwajiri atakukata mchango wa bima kila unapolipwa, na ukiugua utajilipia kwanza kiasi kinachoandikwa deductible, mara nyingi zaidi ya dola elfu moja kwa mwaka, ndipo bima ianze kubeba mzigo. Kabla ya kusaini mkataba, omba namba tatu kwa maandishi: mchango wa mwezi, deductible, na ukomo wa juu utakaolipa kwa mwaka. Pia hakikisha hospitali imo kwenye mtandao wa bima yako, yaani orodha ya hospitali zenye mkataba nayo, maana nje ya mtandao bili hupanda sana. Bili ikikuzidi, usiilipe kwa kadi ya mkopo haraka haraka. Omba mchanganuo wa kila huduma, kisha uliza kuhusu msamaha wa gharama. Hospitali zisizo za kibiashara zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu huo.

Halafu gari. Dallas bila gari utahangaika, na bima yake ni ya lazima. Weka dola 400 za mkopo wa gari, 200 za bima, 150 za petroli: hizo ni 750 kila mwezi, na mgeni asiye na historia ya mkopo hutozwa riba kubwa zaidi. (Bei ya petroli imeandikwa kwa galoni, yaani karibu lita 3.8; usiilinganishe na bei ya lita.) Leipzig unaishi vizuri bila gari. Deutschlandticket, euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026, hukupandisha mabasi, tramu na treni za mikoa nchi nzima, ila si treni za ICE za mwendo kasi. Inajirudia yenyewe kila mwezi, na ukitaka kuisitisha lazima ufanye hivyo kabla ya tarehe 10 kupita, la sivyo unalipia mwezi unaofuata.

Nyumba ndiyo inayowaumiza wengi Ujerumani, kwa sababu tangazo halisemi yote. Kaltmiete ni kodi ya nyumba tupu. Warmmiete inajumlisha joto, maji na taka, lakini umeme na intaneti kwa kawaida unajilipia kando, na kuna ada ya redio na televisheni ya euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni. Zile gharama za joto na maji ni makadirio tu. Baadaye mwenye nyumba huleta hesabu kamili ya mwaka, na kama ulipasha joto huku madirisha yako wazi, unaweza kudaiwa mamia ya euro kwa mkupuo. Amana haizidi miezi mitatu ya Kaltmiete, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Kubwa zaidi: nyumba nyingi hukabidhiwa bila jiko. Unaingia jikoni unakuta mabomba ukutani, hakuna sinki, hakuna kabati, na darini nyaya zinaning'inia pale palipokuwa na taa. Uliza kabla ya kusaini kama jiko limo. Kama halimo, tenga pesa yake pembeni.

Dallas utakuta jiko na friji mahali pake. Kikwazo ni kuingia: wenye nyumba wengi wanataka kipato mara tatu ya kodi ya nyumba, na rekodi ya mkopo ambayo mgeni hana. Ukihama, mpe mwenye nyumba anwani yako mpya kwa maandishi, kwani kwa sheria ya Texas hawajibiki kurudisha amana hadi aipate.

Mwenye watoto wadogo arudie hesabu yote. Ujerumani hulipa euro 259 kwa kila mtoto kila mwezi. Dallas kumpeleka mtoto mchanga kituo cha kulelea watoto kwa kawaida huzidi dola 1,000 kwa mwezi. Kijana asiye na mtoto, mwenye afya, anayekaa na mwenzake na kuendesha gari la zamani lililokwisha lipiwa, ataweka akiba zaidi Dallas. Familia ya watoto wawili yenye mshahara mmoja, tungeielekeza Leipzig bila kusita.

Kuhusu kwenda nyumbani: ndege ikitoka Umoja wa Ulaya kwenda Nairobi au Dar es Salaam na kufika ikiwa imechelewa saa 4 au zaidi kwa kosa la shirika, unadai euro 600, na ukirudi unadai vilevile kama shirika ni la Ulaya. Tunza kadi ya kupandia ndege. Marekani haina fidia kama hiyo ya ucheleweshaji. Na anayetuma pesa akiwa Marekani ajue kwamba tangu Januari 2026 kutuma kwa noti taslimu kunatozwa kodi ya 1%. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi iliyotolewa Marekani, hutozwi.