SOMO: Projekta ya bei ndogo kwa sebule korofi, pima chumba kabla ya kwenda dukani

Wakuu, habari za jioni. Kila wiki napigiwa simu na swali lile lile: "Projekta yangu imekufa, nichukue ipi?" Jibu lake ni refu na nimechoka kulirudia kipande kipande, kwa hiyo naliweka lote hapa.

Sebule yangu ni futi 10 kwa 12. Dari iko chini, futi 8 tu. Dirisha kubwa linatazama magharibi na katikati ya dari kuna feni. Najua wengi mna chumba cha aina hii, na wauzaji wanauza projekta kana kwamba kila mtu ana ukumbi.

Hatua ya 1. Andika utaangalia nini na saa ngapi. Mpira wa saa kumi alasiri na muvi ya saa tatu usiku ni kazi mbili tofauti.

Hatua ya 2. Pima umbali wa lenzi hadi kwenye picha. Hapa ndipo nilipopoteza hela, someni taratibu.

Kila projekta ina uwiano wa kurusha. Kwenye karatasi ya maelezo utaukuta umeandikwa "throw ratio", mfano 1.2 au 1.8. Maana yake: chukua upana wa picha unayoitaka, zidisha kwa namba hiyo, unapata umbali ambao lenzi inatakiwa kukaa. Inchi za picha hupimwa kona hadi kona, kwa hiyo picha pana ya inchi 80 ina upana wa sentimita 177. Ya inchi 100 ni sentimita 221. Ya inchi 120 ni sentimita 266.

Projekta yangu ya kwanza ilipokufa taa, nilinunua mtumba uliotoka ofisini, safi, lumeni (kipimo cha mwanga) 3,000, uwiano 1.8. Nilijua chumba changu kina futi 12, yaani sentimita 366, nikaona inatosha. Sikutoa mwili wa projekta wenyewe, kama sentimita 30. Sikutoa nafasi ya waya na ya kupumulia kwa nyuma, sentimita 20 na ushee. Lenzi ikabaki na mita 3.1. Gawanya kwa 1.8: upana wa sentimita 172, ambayo ni inchi 78. Inchi 100 nilizoziota zilihitaji karibu mita 4.

Halafu likaja la pili. Niliifunga juu, ukuta wa nyuma, na mwanga ukawa unashuka kupitia kwenye feni. Ukiwasha feni, kivuli cha mapanga kinafagia sehemu ya juu ya picha, fya fya fya, kwenye nyuso za watu. Ukizima, joto la mwezi wa pili halikaliki. Nikaishusha kidogo na kuiinamisha, kisha nikanyoosha picha kwa kistoni (keystone, mpangilio wa menyu wa kurekebisha picha iliyopinda). Kivuli kiliondoka, lakini maandishi ya chini ya muvi yakawa na kingo za ukungu.

ONYO: kistoni hainyooshi mwanga. Inabana picha ndani ya kioo kidogo cha projekta na kutupa nukta (pikseli) za pembeni. Ukiitumia sana umelipia nukta usizoziona. Panga projekta inyooke yenyewe, kistoni ibaki ya kusahihisha kidogo sana. Na usichanganye kistoni na kuhamisha lenzi: ile inayohamisha lenzi kwa gurudumu haiharibu kitu, ila kwenye bei ndogo ni adimu.

Ile nikaiuza kwa hasara, nikachukua ya uwiano 1.2. Inakaa kwenye meza ndogo mbele ya sofa, lenzi sentimita 265 kutoka ukutani, na picha ni inchi 100 kamili. Mwanga unapanda chini ya feni bila kuigusa.

Hatua ya 3. Tumia uzi. Laiti ningelijua hili mapema. Weka alama nne ukutani kwa utepe wa karatasi wenye gundi, pembe za picha unayoitaka. Funga uzi mahali lenzi itakapokaa, uvute hadi kila pembe. Uzi ukigusa feni, taa, juu ya mlango au kichwa cha anayekaa kwenye sofa, mwanga nao utagusa. Dakika kumi tu.

Hatua ya 4. Lumeni. Tafuta neno ANSI au ISO (viwango vya kupimia mwanga) mbele ya namba. Boksi likisema "lumeni 9,000" bila maneno hayo kwenye kidude cha laki mbili, namba hiyo haina maana, zipo ambazo ukweli wake haufiki 300. Kwa usiku na giza, lumeni 500 za ANSI kwa inchi 100 zinaridhisha. Kwa mchana na pazia zito, nenda 2,500 hadi 3,000. Bajeti ikigoma, punguza picha: kutoka inchi 100 kushuka 80, mwanga kwa kila eneo unaongezeka zaidi ya nusu.

Hatua ya 5. Nukta halisi. "Support 1080p" maana yake inapokea tu. Uliza nukta zake halisi, ziwe 1920 kwa 1080, au angalau 1280 kwa 720.

Hatua ya 6. Ukinunua mtumba, iwashe nusu saa kabla ya kulipa. Weka picha nyeupe tupu utafute madoa na nukta zilizokufa. Weka maandishi, angalia pembe zote nne kama ni kali sawa. Saa za taa kwenye menyu usiziamini peke yake, zinaweza kurudishwa sifuri.

Maswali karibuni.

---

Kipara wa Pili: Mkuu somo refu sana. Nina laki tatu, nitajie jina tu niende dukani.

Mwandishi: Soma hatua ya 2. Leta umbali wa lenzi na saa unazoangalia. Bila hivyo sitaji jina.

Mama Nasra: Asante kaka kwa somo. Mimi usiku nazima taa zote na pazia ni zito, lakini nyeusi inaonekana kijivu. Kuta zangu ni nyeupe na chini ni vigae vyeupe. Je, ni projekta au chumba?

Mwandishi: Swali zuri sana dada. Kwa sehemu kubwa ni chumba. Mwanga wa picha unagonga kuta za pembeni, dari na vigae, unarudi ukutani na kuosha nyeusi. Fanya jaribio la bei ndogo: tafuta kaniki, itundike kwenye kuta mbili za pembeni, mita moja hadi moja na nusu kuanzia kwenye picha, na utandike zulia jeusi mbele. Angalia tukio la usiku kabla na baada. Ukiona tofauti, ndipo upake hizo sehemu rangi ya giza isiyong'aa. Kinachobaki kijivu baada ya hapo ndicho cha projekta.

Simba Mchana: Mbona mimi ninayo ya lumeni 9,000 na naangalia mpira mchana vizuri tu? Unatishia watu.

Mwandishi: Sitishii mtu. Kaa mchana huo huo, washa TV pembeni, linganisha jezi nyeupe. Kama umeridhika, endelea kuitumia. Ila usimshauri mwenye dirisha la magharibi atoe hela yake kwa kuangalia boksi.

Fundi Ngazi: King'amuzi changu natumia waya wa HDMI kwenda VGA, projekta inabaki nyeusi. Kompyuta inaonyesha. Nimeshabadilisha waya mara mbili.

Mwandishi: Waya hauna kosa. King'amuzi kinaweza kutoa picha iliyofungwa kwa HDCP (kufuli la kuzuia kunakili), na njia ya VGA haiwezi kuifungua. Kompyuta haifungi kila kitu, ndiyo maana inapita. Angalia kama king'amuzi kina tundu la AV la nyekundu, nyeupe na njano, lipo kwenye projekta nyingi pia. Picha itapungua ubora lakini utaona. Ukibadilisha projekta, chukua yenye HDMI yake yenyewe.

Kipara wa Pili: Na sauti je? Nimeunga sabufa kwa bluetooth, mdomo unatangulia sauti.

Mwandishi: Bluetooth inachelewesha sauti. Tumia waya wa tundu la hedifoni kutoka king'amuzi au projekta. Umbali wa lenzi bado nausubiri.

Mtoto wa Bandarini: Yangu ya taa ilipasuka juzi kwa mlio mkubwa. Naweza kubadilisha taa mwenyewe?

Mwandishi: Pole sana. Taa hizo zina zebaki kidogo ndani, na inapopasuka mvuke hutoka. Siku ile ingefaa kufungua madirisha na kutoa watoto nje. Sasa ichomoe kwenye umeme, vaa glavu, na usitumie mashine ya kufyonza vumbi, itasambaza zaidi. Vipande vikiwa vimeingia ndani kwenye vioo, mpe fundi. Na umeme wa kwenu ukikatika mara kwa mara, weka UPS (betri ya akiba) ndogo. Si ya kumalizia muvi, ni ya kuipa feni ya ndani dakika chache ipoze taa.

Mtoto wa Bandarini: Sikujua hilo la UPS. Nipo karibu na bahari, la chumvi nalo?

Mwandishi: Usiifunike kwa nailoni ikiwa bado ya moto, unyevu unabaki ndani. Iache ipoe, funika kwa kitambaa cha pamba. Kichujio cha vumbi kisafishe kila mwezi kwa brashi laini. Mimi nililegea miezi minne, ikaanza kujizima yenyewe katikati ya mechi.

Mama Nasra: Kaka nimerudi. Kaniki imefanya kazi, mume wangu amedhani nimenunua projekta mpya! Lakini bado tunataka kubadilisha, hii ni hafifu. Nimepima kwa uzi: lenzi hadi ukutani mita 2.3. Uzi wa pembe ya juu kulia unagusa taa ya ukutani.

Mwandishi: Hongera dada. Kwa mita 2.3, projekta ya uwiano 1.2 itakupa upana wa sentimita 192, karibu inchi 87. Ya 1.5 itakupa inchi 69, hiyo iache. Mnaangalia usiku, kwa hiyo lumeni 700 za ANSI zitawatosha kwa ukubwa huo. Kuhusu taa, shusha alama zote nne sentimita 10, na meza nayo sentimita 10, uvute uzi tena.

Mama Nasra: Umepita.

Kipara wa Pili: Mita 2.8. Usiku tu.

Mwandishi: Sasa tunaweza kuongea. Meza au darini?