Ukiuziwa pikipiki iliyotumika kwa maelezo ya uongo
Nchini Kenya, muuzaji asiye mfanyabiashara hawajibiki kwa kila ubovu wa kitu alichokitumia, lakini Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu hicho kilingane na maelezo aliyoyatoa. Kwa hiyo, akikuandikia kwamba pikipiki ni ya mwaka 2021, kisha rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili vyombo vya moto nchini humo, zikaonyesha ni ya 2016, unayo haki ya kudai. Acha kuiendesha mara moja, jambo ambalo wengi hulipuuza, kwani kuendelea kuitumia kunaweza kuchukuliwa kwamba umeikubali. Hifadhi tangazo, jumbe na uthibitisho wa M-Pesa, kisha umpelekee barua ya madai. Akikaidi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na hulazimiki kuwa na wakili.