SOMO: Modemu ya fiba inapata wapi mipangilio yake (soma kabla hujabonyeza riseti)

Wakuu, "nimeriseti, intaneti imekata, nifanyeje?" linaulizwa hapa kila wiki. Jibu lote naliweka hapa.

Kasi ya kifurushi chako haikai kwenye modemu. Modemu, au ONT kama mafundi wanavyoiita, ikitoka kwenye boksi haikujui. Inaambiwa mambo mengi na mtambo wa kampuni, OLT, na mengine na seva yao au fundi, kwa hatua hizi:

1. Umeme. Taa ya POWER iwake.

2. Mwanga. Modemu inapokea kwa nanomita 1490, inajibu kwa 1310. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki. Achana na mipangilio, ita fundi wa waya. Modemu nyingi zinahitaji mwanga wa kati ya dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) -8 na -27. Ukisoma -20 uko salama, -28 itakatikakatika.

3. Kujitambulisha. Taa ya PON (ya mtandao wa fiba) inapepesa. Modemu inataja namba yake ya seriali: herufi 4 za kiwanda (mfano HWTC au ZTEG), kisha tarakimu na herufi 8. OLT ikiikubali, inapima umbali wake, inaipa zamu ya kutuma, PON inatulia. Namba isipoandikishwa, PON itapepesa hadi kesho.

4. OMCI (lugha ambayo OLT inaiamuru modemu). OLT inaiandikia modemu njia za kupitisha data. Huna la kufanya.

5. PPPoE (kuingia kwa jina na nywila) au DHCP (kupewa anwani ya mtandao moja kwa moja). Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kuna kampuni zinazoshusha jina na nywila ya PPPoE zenyewe, kwa TR-069 (njia ya kusimamia modemu kwa mbali kutoka seva yao). Kwingine fundi huandika kwa mkono siku ya kufunga, na tundu lile la pini la riseti likibonyezwa kama sekunde 10 linafuta alichoandika. Dalili zake: PON imetulia kijani, Wi-Fi imerudia jina la kwenye kibandiko, intaneti hakuna.

Kwa hiyo KABLA ya kubonyeza, fungua 192.168.1.1 au 192.168.100.1 (kibandiko kitakuambia ipi), nenda ukurasa wa WAN (upande wa intaneti), upige picha: aina ya muunganisho, namba ya VLAN (inayotenga njia yako kwenye mtandao wa kampuni), jina la PPPoE. Nywila inaonekana kama nukta tu, iombe ofisini kwao mapema. VLAN ikikosewa tarakimu moja, modemu inaomba na hakuna anayeijibu. Wengi hudhani ni nywila, wakaibadilisha bure. Na kuzima na kuwasha SI riseti. Hakufuti kitu. Anza na hilo siku zote.

MASWALI

kisasa_mjini: Mkuu nimeriseti net hamna.
— PON ikoje? Hatua ya 5.

kisasa_mjini: Ndefu sana sijamaliza. Nipe tu nywila ya PPPoE.
— Sina, ni ya mkataba wako. Wapigie ukiwa na namba ya mkataba mkononi.

binti_ilazo: Samahani kaka, kama modemu ni tupu, seva ya TR-069 inaijuaje?
— Umeuliza vizuri, dada. Anwani ya seva huja kwa njia tatu: imo tayari kwenye programu ambayo kiwanda kiliitengenezea kampuni hiyo, OLT inaiandika kwa OMCI, au DHCP inaileta kwenye opsheni ya 43. Modemu ndiyo inayopiga hodi kwa seva. Seva ikiwa na jambo, inaibishia modemu mlango wake wa mtandao (port), mara nyingi ule wa 7547, kisha modemu inapiga yenyewe. Ndiyo maana wengine wakibadilisha nywila ya Wi-Fi, kesho yake wanakuta ya zamani: seva imeandika upya.

nkuhungu_tech: Nikinunua iliyotumika Kariakoo itakubali?
— Waulize kampuni yako kwanza kama wataandikisha seriali ya nje. Modemu nyingi zilizotumika zina programu ya kampuni nyingine, hazitapokea mipangilio yako.

nzuguni_A: Huku upepo na vumbi tupu. LOS inawaka na kuzima.
— Kagua kichwa cha waya. Punje moja ya vumbi kwenye ncha ile nyeupe inatosha kuziba mwanga. Usifute kwa shati; tumia kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili. Usichungulie ndani, mwanga ule hauonekani na unaweza kuumiza jicho. Kichwa cha kijani kimekatwa mshazari wa digrii 8, usikiingize kwenye tundu la bluu. Waya usiukunje kona kali nyuma ya kabati.

binti_ilazo: Na umeme ukikatika?
— Soma adapta yako, nyingi ni volti 12. Tafuta UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti hizohizo, ampea zisipungue za adapta.