Boksi na viungo vya faiba ya nguzoni

Chagua boksi la IP68 (lisilopitisha vumbi wala maji) ambalo waya huingia kwa chini; tundu likitazama juu, mvua ya masika itatuama ndani. Acha waya uning'inie kidogo chini ya tundu ili maji yadondoke, na uzito ubebwe na klampu, si kiungo.

Kwenye kiungo, yeyusha ncha za faiba ziungane kwa mashine: upotevu wa mwanga hubaki chini ya dB (desibeli) 0.1. Kabla ya kuyeyusha, visha faiba kijineli (kibomba kidogo) cha kinga cha mm 60. Ukisahau (na wengi husahau) utakata uanze upya. Konekta ya kubana hupoteza dB 0.3 hivi, na jeli yake haipendi jua. Itumie ndani ya nyumba tu. Konekta ya kijani (aina ya SC/APC) usiichomeke kwenye ya bluu: uso wa ya kijani umekatwa mshazari wa digrii 8, wa ya bluu haukukatwa hivyo, kwa hiyo nyuso hazikutani.