Kufunga kadi ya RAID ya mtumba kwenye kompyuta ya kawaida

Kadi ya RAID huunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Ninayoifunga mara nyingi ni LSI MegaRAID 9260-8i iliyong'olewa kwenye seva. Ina kumbukumbu ya megabaiti 512 na matundu mawili ya kebo, aina ya SFF-8087, kila moja la diski nne. Ya juzi niliifunga kwenye studio ya video za harusi, diski nne za terabaiti 2.

Kabla ya kuchomeka chochote, andika kwa maka peni tarakimu nne za mwisho za namba ya kila diski, mahali panapoonekana ukifungua kasha. Bila alama, siku diski moja ikifa utachomoa iliyo hai.

Chomoa waya wa umeme, gusa bati la kasha kutoa umeme tuli, kisha sindika kadi kwenye sloti ya PCI Express ya x8 au x16 na ukaze skrubu. Ukiwasha skrini ikabaki nyeusi, usiseme kadi mbovu. Mazabodi kadhaa za nyumbani hugombana na kadi za seva kwenye pini mbili. Ing'oe, tazama upande wenye chipu, hesabu pini za ukingo unaoingia kwenye sloti kuanzia kwenye bati la skrubu: ya tano na ya sita. Zifunike kwa kitepu cha Kapton, kinachostahimili joto, bila kugusa ya nne wala ya saba. Mimi mara ya kwanza nilibandika solotepu, ikabanduka humo humo kwenye sloti. Jioni yote niko na kibano.

Kebo nayo ina mtego. Hiyo ya kutoa vichwa vinne vya SATA kwenye tundu moja ziko mbili, na kwa macho ni mapacha: moja hutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski, nyingine ni ya kinyume. Niliwahi kuuziwa ya kinyume. Siku mbili kadi inaniambia haioni diski hata moja.

Funga pia feni ndogo iielekee kadi. Ilizoea upepo wa seva, humu itaungua.

Kompyuta ikiwaka, bonyeza Ctrl na H kufungua menyu ya kadi. Ukichagua "New Configuration" mpangilio wa zamani wote unafutwa, kwa hiyo hakikisha diski hazina kitu cha mtu. Mwenye studio alitaka RAID 5 apate terabaiti 6. Nilimwekea RAID 10, terabaiti 4, makundi mawili ya diski mbili mbili, kila diski ina nakala kwenye mwenzake. Kwenye RAID 5, ikifa moja, zilizobaki husomwa zote mwanzo mpaka mwisho kuijenga upya, na ikiyumba nyingine hapo katikati, harusi za watu zimekwenda. Alinung'unika, akakubali.

Kwenye uandishi, "Write Back", yaani data kukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya kadi, ni ya mwenye betri ya kadi iliyo nzima. Betri za mtumba nyingi zimechoka, na umeme ukikatika kilichokuwa kwenye kumbukumbu hakikufika kwenye diski. Niliweka "Write Through", data inaandikwa diskini moja kwa moja. Inakwenda polepole, sawa.

Windows niliiacha kwenye SSD iliyochomekwa kwenye mazabodi, nikaweka draiva ya kadi, nikagawa diski kwa mpango wa GPT maana ule wa zamani, MBR, unaishia terabaiti 2. Linux draiva inayo tayari, megaraid_sas.

Kadi hii ina king'ora kinacholia diski ikifa. Nilimwambia mwenye studio kikianza kulia asikizime, anipigie simu kwanza.